Uliweza

Tukienda msibani, maneno yanajulikana kabla hatujavua viatu mlangoni. Unamshika mfiwa mkono, unainamisha kichwa, unasema pole, kisha unasema kazi ya Mungu haina makosa. Nimeyasema mwenyewe mara nyingi, na kwa moyo safi. Lakini nimeutazama pia uso wa mama aliyekaa mkekani, kanga imemshuka hadi kwenye nyusi, akiyapokea maneno hayo kwa mtu wa arobaini tangu asubuhi, nikajiuliza ni kitu gani hasa tunampa. Faraja, au kizibo cha mdomo? Maana lipo neno lililomkaa kooni ambalo adabu ya dini haimruhusu kulitoa. Neno lenyewe ni fupi: uliweza. Uliweza kuzuia, na hukuzuia.

Katika Mahabharata, utenzi mkuu wa Kisanskriti wa Wahindu, mama mmoja alilitoa neno hilo. Hakulinong'ona usiku peke yake. Alilisema uwanjani, mbele za watu, akimwelekea Mungu aliyesimama mbele yake kwa miguu miwili, na maiti za wanawe zimelala kati yao. Akamlaani. Na laana ikashika.

Utenzi huo una juzuu 18 na, kwa hesabu ya mapokeo, beti 100,000. Kiini chake ni vita vya siku 18 vilivyopiganwa Kurukshetra, mahali palipo leo katika jimbo la Haryana, kaskazini ya Delhi, baina ya watoto wa ndugu wawili. Upande mmoja ni Wakaurava, wana 100 wa mfalme kipofu Dhritarashtra na mkewe Gandhari. Upande wa pili ni Wapandava watano, wana wa marehemu Pandu, walionyang'anywa ufalme kwa mchezo wa dadu. Krishna, ambaye kwa imani ya Wahindu ni mungu Vishnu aliyezaliwa binadamu, ni jamaa wa wote wawili. Kunti, mama wa Wapandava, ni shangazi yake. Kabla ya vita Krishna aliwapa hiari: mmoja achukue jeshi lake zima, mwingine amchukue yeye peke yake, bila silaha. Arjuna wa Wapandava akamchagua Krishna, naye akawa mwendesha gari lake la farasi. Duryodhana, mkubwa wa Wakaurava, akaondoka na jeshi, akijiona amefaidi.

Watu wengi duniani wanaijua Bhagavad Gita, yenye beti 700, iliyomo katika juzuu ya 6. Humo Krishna anamwondolea Arjuna kigugumizi cha kuua ndugu zake. Anamfundisha kwamba roho haifi, kwamba mwenye hekima haombolezi, kwamba yeye Krishna ndiye wakati unaokomesha viumbe, na hao waliopangwa upande wa pili amekwisha kuwamaliza. Kilichobaki ni Arjuna kuwa chombo. Ni mafundisho makubwa na sina nia ya kuyapunguza. Ila juzuu ya 11 ipo pia. Ni fupi, inaitwa Stri Parva, yaani Juzuu ya Wanawake, na wasomaji wake ni wachache mno. Naamini aliyeisoma Gita hajamaliza kuisoma mpaka afike hapo. Gita inanena kabla mshale wa kwanza haujaruka. Stri Parva inanena mishale ikiwa imekwisha kufika.

Gandhari alijifunga kitambaa machoni tangu siku alipojua kwamba anaolewa na kipofu, asije akamzidi mumewe kwa kitu alichonyimwa. Sasa kwa neema anapewa jicho la ndani, anauona uwanja wote kwa mara moja. Wala haoni roho zisizokufa. Anaona wanawake wa ikulu, ambao jua lilikuwa haliwajui, wakikimbia nywele wazi kati ya mbweha na kunguru. Mmoja ameokota kichwa, akakipachika kwenye kiwiliwili, kisha akagundua kwamba hiki si cha huyu, akaanza kutafuta tena. Duhshala, binti pekee wa Gandhari, anazunguka akitafuta kichwa cha mumewe Jayadratha. Mwili ameupata, kichwa hakipo. Uttara, mjamzito, anamfungulia mumewe Abhimanyu deraya ili ayaone majeraha yake, na ndoa yao haikutimiza hata mwaka. Mke wa Bhurishravas, shujaa wa upande wa Wakaurava, amekaa chini na mkono mapajani, mkono mtupu, uliokatwa na mshale wa Arjuna, anazungumza nao kwa kuwa ndio uliokuwa ukimshika. Msomaji auweke akilini mkono huo. Utarudi.

Dhritarashtra anamuuliza Yudhishthira, mkubwa wa washindi, wamekufa wangapi. Jibu lake kwa kawaida husomwa kuwa bilioni 1, milioni 660 na elfu 20. Mwanahistoria hana la kufanya na hesabu hiyo. Mimi naisikia kama sauti ya mtu aliyetaka kusema wote, akaona neno hilo halitoshi.

Kabla Gandhari hajafika uwanjani, wafariji walikuwa wamekwisha kufanya kazi yao, na utenzi unawapa nafasi ya kutosha. Vidura, nduguye mfalme kwa baba na mwenye hekima kuliko wote pale, anamsimulia Dhritarashtra kisa cha mtu aliyeanguka kisimani msituni. Amening'inia kwenye mizizi kichwa chini. Chini yake nyoka anamsubiri, juu tembo anazunguka mdomo wa kisima, panya weupe na weusi wanaitafuna mizizi aliyonasa, na nyuki wanamzonga. Matone ya asali yanamdondokea mdomoni, naye anaendelea kuyalamba kwa hamu. Ndivyo tulivyo, anasema Vidura. Kisa hiki kilisafiri mbali; kinapatikana hata katika Kalila wa Dimna ya Kiarabu. Ni kisa kizuri kweli kweli. Na mara tu Vidura anapomaliza kunena, mfalme anazimia.

Napenda sana kwamba mtunzi hakuificha hali hiyo. Angeweza kuandika kuwa mfalme alifarijika. Badala yake hekima bora kuliko zote inatolewa kwa wakati, na mtu mwenye wana 100 waliokufa anaanguka chini kama gogo.

Vyasa, mjuzi ambaye ndiye pia mtunzi wa utenzi katika mapokeo, na ndiye baba mzazi wa Dhritarashtra, anajaribu njia nyingine. Anamfunulia mwanawe siri. Zamani, anasema, nilikuwa katika baraza la miungu, nikaiona Dunia imekuja kulalamika kwamba mzigo wa viumbe umemwelemea. Vishnu akamwahidi kwamba Duryodhana atazaliwa, na kwa sababu yake wafalme watakusanyana Kurukshetra na kuuana, nawe utapumua. Kwa hiyo usilie, lilipangwa juu.

Hii ndiyo njia yetu pia, ya kusema limeandikwa. Lakini tazama inachofanya mahali hapa. Vyasa alikusudia kufariji, akaishia kutoa ushahidi. Kama vita vilipangwa juu, basi yupo aliyepanga. Na huyo aliyetoa ahadi katika baraza la miungu ndiye yule atakayesimama mbele yao muda si mrefu, amevaa mwili, akiwapokea waliofiwa.

Ushahidi wa pili unatolewa na Krishna mwenyewe, kwa kitendo. Washindi wanakuja kumsalimu mfalme. Dhritarashtra anataka kumkumbatia Bhima, Mpandava mwenye nguvu za ajabu aliyewaua wanawe. Krishna anajua moyo wa mzee una nini. Anamsogeza Bhima kando kwa mkono wake, anasukuma mbele sanamu ya chuma. Kipofu anaikumbatia kwa nguvu zake zote, chuma kinavunjika vipande, kifua chake kinachubuka, damu inamtoka mdomoni. Kisha analia, akidhani ameua kweli. Bhima amepona kwa sababu Krishna aliona mapema, na alifanya maandalizi.

Basi kuona mapema anaweza, na kuandaa sanamu ya chuma anaweza. Sanamu nyingine zote ziko wapi? Ndilo swali ninaloliona mimi katika kisa hicho, na sidhani mtunzi aliliweka karibu hivyo na laana kwa bahati.

Zamu ya Gandhari inafika. Yudhishthira anamwinamia miguuni, anakiri kosa, anasema mimi ndiye niliyewaua wanao, nilaani. Gandhari hajibu. Macho yake, chini ya ukingo wa kitambaa, yanagusa ncha za vidole vya miguu ya kijana huyo, na kucha zake zilizokuwa nzuri zinaharibika papo hapo. Arjuna anapoona hivyo anajisogeza nyuma ya Krishna. Haya ni mambo ya mtu anayejua msiba: hasira haikupiga pale ilipotakiwa, ilivuja kwenye tundu dogo lililoachwa wazi. Na wapiganaji walioshinda vita vya dunia nzima wamejificha nyuma ya mwendesha gari, wakimwogopa mama mmoja mwenye kitambaa.

Naye sasa anamgeukia huyo huyo mwendesha gari.

Yafaa tulitazame shtaka lake kwa makini, kwa kuwa silo tunalolitarajia. Hamwambii Krishna kwamba aliwaua wanawe, ingawa angeweza. Kila kifo kikubwa upande wa Wakaurava kilipita mikononi mwa shauri la Krishna, kuanzia babu Bhishma, na mwalimu Drona aliyeangushwa kwa uongo, hadi Karna aliyepigwa gurudumu la gari lake likiwa limenasa. Wala hadai kwamba wanawe walikuwa wema. Katika siku zote 18 Duryodhana alikuwa akimwendea kuomba dua ya ushindi, na mama hakukubali kumpa zaidi ya kusema kwamba ushindi uko pale haki ilipo. Alimjua mwanawe. Analilia mkosaji akijua ni mkosaji, na machozi hayo nayaona mazito kuliko ya mama aliyezaa malaika.

Shtaka lake ni moja. Ulikuwa na uwezo, ulikuwa na watu, ulikuwa na jeshi, ulikuwa na ulimi ambao pande zote ziliusikiliza. Ukaacha. Kwa hiari yako ukaacha.

Katika Kisanskriti neno analolitumia linatoka kwenye upeksha. Waganga wa nafsi wa India walilipa neno hilo heshima kubwa: katika mafunzo ya yoga ya Patanjali, na kwa Wabudha pia, upeksha ni ile hali ya kutotikisika, ya kutazama mazuri na maovu bila kuyumba. Ni moja ya sifa za mtu aliyekamilika. Gandhari analichukua neno lile lile na kulitia kwenye hati ya mashtaka. Utulivu unaousifu wewe, anasema kwa maana, mimi ninauona kutoka chini, na kutoka chini jina lake ni kupuuza. Kiswahili kina usemi unaofika hapo barabara: umefumbia macho.

Na nani anasema hivyo? Mwanamke aliyejifunga macho kwa mkono wake mwenyewe. Aliyefunga macho anamshtaki aliyefumba macho. Dadu zilipochezwa, mkwe wake Draupadi alipoburutwa nywele barazani, Gandhari alikuwapo katika nyumba hiyo. Alisema, lakini alisema kwa kuchelewa, na mwanawe akaendelea kuwa mwanawe. Kitambaa kilichofungwa kwa ajili ya mume kilifika pia mahali pa kufunika mengine. Sisemi haya kumpunguzia haki yake ya kushtaki. Nasema kwamba anaijua dhambi anayoitaja. Ameishi ndani yake miaka mingi, na ndiyo maana ameitambua kwa mwingine.

Laana yenyewe inafuata utaratibu ambao Mswahili hahitaji kuelezwa. Sisi tunajua radhi ya mzazi ni nini, na aliyeachwa bila radhi anakwenda wapi. Gandhari hatukani. Anaapa kwa thawabu alizozichuma kwa kumtumikia mumewe, anaziweka rehani zote. Katika mwaka wa 36, anasema, utawaua jamaa zako kwa mkono wako, utakufa peke yako porini kwa kifo kisicho na heshima, na wanawake wa kwenu watalia kama hawa wanavyolia.

Krishna anatabasamu. Tabasamu hilo limenisumbua miaka mingi. Ukilisoma haraka ni dharau ya mwenye nguvu. Lakini maneno yanayofuata yanalipa uzito mwingine: anasema alikuwa akijua itakuwa hivyo, na kwamba hakuna mwingine awezaye kuumaliza ukoo wake ila yeye mwenyewe. Ameikubali laana. Hakusema haina nguvu, hakusema mimi ni nani na wewe ni nani. Mungu wa Ayubu alijibu kutoka kwenye upepo wa dhoruba kwa kuuliza mtu alikuwa wapi dunia ilipowekewa misingi. Krishna hana upepo. Amesimama kwenye damu ileile aliyosimama mama.

Halafu anaharibu, kwa maoni yangu. Anamwambia ainuke, asihuzunike, kwani kosa ni lake mwenyewe aliyemlea Duryodhana. Kwamba anayelilia yaliyopita anajiongezea huzuni juu ya huzuni. Na kwamba kama ng'ombe anavyozaa mbeba mizigo, mwanamke wa tabaka la wapiganaji huzaa watu wa kuchinjwa. Wapo wafasiri wanaotafuta namna ya kulitetea jibu hilo. Mimi siwezi. Hata likiwa na ukweli ndani yake, ni ukweli uliotolewa kwa mtu asiye na mahali pa kuuweka. Utenzi unasema tu kwamba Gandhari alinyamaza, huzuni imemtibua macho. Haukusema kwamba aliridhika.

Kuna kisa kingine, katika juzuu ya 14, ambacho nakiweka pembeni ya hiki. Krishna anarudi kwao Dvaraka. Jangwani anakutana na mtawa Utanka, ambaye hajapata habari. Mtawa anamuuliza kwa bashasha kama amefanikiwa kuwapatanisha wale ndugu. Krishna anamwambia wamekufa. Utanka anawaka hasira: uliweza kuwaokoa, hukuwaokoa, nitakulaani. Shtaka ni lilelile. Hapa Krishna anajieleza kirefu. Anasema nikizaliwa miongoni mwa miungu naishi kama mungu, nikizaliwa miongoni mwa nyoka naishi kama nyoka; nilizaliwa miongoni mwa watu, basi nilitumia njia za watu. Niliwasihi, niliwatisha, hawakunisikia. Ni kweli. Alikwenda Hastinapura, kwa Wakaurava, kama mjumbe akaombea Wapandava vijiji vitano tu, na Duryodhana akagoma kuachia hata ardhi ya kusimamisha ncha ya sindano. Gandhari aliitwa barazani siku hiyo amwonye mwanawe, naye kijana akatoka kwa hasira. Utanka anasikiliza, anaoneshwa umbo la Krishna lililojaa ulimwengu, anaiacha laana.

Hoja ni nzuri. Uhuru wa watu ni kitu halisi, na Mungu anayeuvunja kila unapoelekea pabaya atakuwa ameumba vinyago. Draupadi alikwisha kulalamika, wakiwa uhamishoni msituni, kwamba Muumba anatuchezea kama mtoto na vinyago vyake, na mumewe akamkemea. Basi Krishna anapokataa kuwafanya watu vinyago, anamjibu pia Draupadi. Lakini kwa nini hoja hii alipewa Utanka, wala si Gandhari? Utanka hakuwa na maiti. Kwake vita ni habari iliyochelewa, na habari inaweza kujibiwa kwa maelezo. Nadhani Krishna alijua tofauti. Mwenye swali alimpa jawabu. Mwenye msiba alimpa kitu kingine: alikubali kulipa.

Kiswahili chetu cha siasa kina neno kwa jambo hili. Katikati ya miaka ya 1970 Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani wa Tanzania baada ya watuhumiwa kufa mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga. Hakuna aliyedai kwamba yeye ndiye aliyewapiga. Tangu hapo Watanzania wanaposema mtu awajibike, wana picha hiyo akilini. Kuwajibika si kukiri kwamba mkono wangu ulifanya. Ni kusema kwamba lilitokea chini ya dhamana yangu, na nafsi yangu ndiyo itakayolibeba. Waziri ana udhuru mmoja ambao Krishna hana, kwa sababu waziri hajui kinachofanyika kila chumba. Aliyejua kila chumba anabeba zaidi, na abebe bila kupunguziwa.

Mshairi wa Kihindi Dharamvir Bharati, akiandika tamthilia yake Andha Yug mwanzoni mwa miaka ya 1950, India ikiwa bado inanuka damu ya mgawanyo wa 1947, aliusukuma ukweli huu mbele zaidi. Krishna wake anamwambia Gandhari kwamba katika siku zile 18 kila aliyeanguka alikuwa ni yeye. Na Gandhari huyo, anaposikia laana imepokelewa, analia kwa kuwa amelaani. Ni wazo zuri. Hata hivyo narudi kwa Gandhari wa zamani, ambaye hapewi nafasi hiyo ya kujuta, na ambaye kimya chake kimebaki kimya.

Mwaka wa 36 ulifika. Watu wa ukoo wa Krishna walikwenda Prabhasa, pwani ya Gujarat, karibu na mji wa leo wa Veraval. Ni pwani ileile ya Gujarat ambayo majahazi yake yalikuwa yakishuka kwetu na kaskazi, na ambayo familia nyingi za Kihindu za Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam zinaitaja kama kwao. Walikunywa pombe. Satyaki na Kritavarma, waliopigana pande mbili tofauti, wakaanza kusutana. Satyaki akamkumbusha mwenzake kwamba aliwaua watu usingizini. Kritavarma akamjibu: na wewe ulimkata kichwa Bhurishravas, mkono umekwisha kukatwa, amekaa chini akitafakari. Ni ule mkono uliokuwa mapajani mwa mjane, umekaa miaka 36 bila kuzikwa vizuri. Upanga ukachomolewa, wakaanza kuchinjana, na waliokosa silaha waling'oa majani ya ufukweni yakageuka rungu mikononi mwao. Krishna alipomwona mwanawe ameuawa, naye akang'oa.

Laana, basi, haikushuka kama radi isiyo na chanzo. Ilipita kwenye mlango ambao vita vyenyewe viliuacha wazi. Krishna aliona, akakumbuka neno la Gandhari, akajua saa imefika. Baadaye alilala chini msituni kama mtu aliyechoka. Mwindaji aitwaye Jara akauona mguu, akadhani ni mnyama, akautoboa wayo kwa mshale. Alipokaribia akaona aliyempiga, akaanguka miguuni kwa hofu. Krishna akamtuliza. Mahali hapo, Bhalka, pana hekalu hadi leo.

Hata hapa siwezi kushangilia. Wanawake wa Dvaraka walikuwa wamefanya nini? Bahari iliumeza mji wao, Arjuna akawaongoza kuelekea kaskazini, wanyang'anyi wakawavamia njiani, na mikono yake iliyoua mamilioni ikakosa nguvu ya kuvuta upinde. Wengi wakachukuliwa. Gandhari alitaka walie kama walivyolia wake, na wakalia. Mungu aliwajibika, lakini deni lake, kama madeni mengi ya wakubwa, lililipwa pia na wasiokopa.

Gandhari hakuyaona hayo. Alikuwa amekwisha kufa kwa moto wa msituni, yeye na mumewe na Kunti, nusu ya muda wa laana ukiwa bado. Lakini kabla ya moto kuna usiku mmoja, katika juzuu ya 15, ambao naona ni sehemu ya jambo hili. Ulikuwa mwaka wa 16 tangu vita. Walikuwa wameacha ikulu, wanaishi kitawa kando ya Ganges. Vyasa alikuja, na Gandhari, kitambaa machoni, akasimama mbele yake akamwambia ukweli mtupu: imepita miaka 16, na mume wangu hajapata amani, halali usiku. Akawataja na wajane, mmoja mmoja. Miaka 16 ya visima na panya na mipango ya juu, na hakuna aliyelala.

Safari hii Vyasa hakufundisha. Aliwaambia wasubiri jua litue. Usiku ulipoingia, aliingia majini, akawaita. Mto ukachemka kwa kelele, wakatoka: Bhishma, Drona, Karna, Abhimanyu, Duryodhana na nduguze wote, na magari yao na bendera zao, mavazi yamekauka, uadui hawana. Dhritarashtra alipewa macho kwa usiku huo, akawaona wanawe ambao hakuwahi kuwaona maishani. Gandhari naye aliwaona, nyuso zao zimetimia. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Walikaa nao mpaka kulipopambazuka, kisha wafu wakarudi mtoni, na baadhi ya wajane waliokuwa wamesimama ukingoni, maji yakiwafika vifundoni, wakawafuata.